Meza Isiyokauka

Jumatatu, 3 Machi

Kwa lugha ya mitihani mimi ni mtu mwenye akili. Kwa lugha ya nyumbani mimi ni mtu mwenye aibu. Hii shajara naianza kwa lugha ya nyumbani, maana ninayotaka kuyasema humu yana aibu zaidi kuliko akili.

Leo Mwalimu wa Jiografia aliniita nje ya ofisi ya walimu, nikadhani nimekosa. Kumbe nimechaguliwa. Nyumba ya Kusoma ya mtaani kwetu ina bodi, na bodi imeunda kiti kipya, kiti cha vijana. Aliyeshinda shindano la insha ndiye atakayekikalia. Mwalimu mwenyewe ndiye katibu wa bodi.

"Utakuwa mjumbe kamili," akaniambia. "Si mgeni, si mtazamaji. Una kauli sawa na sisi."

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Asante, Mwalimu." Mdomo wangu una tabia hiyo: ukishindwa, unashukuru.

Bibi aliposikia alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Mke mwenzangu amekuwa mkubwa! Basi waambie wakubwa wenzako choo cha pale hakina kitasa. Mtu unakaa huku umeshika mlango kwa mguu."

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha kwanza. Tulikaa ukumbini kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu.

Mwenyekiti ana duka la dawa. Mtaa mzima unamwita Daktari, naye amechoka kukanusha. Wakili yuko kwenye bodi nyingi mno, akiingia huuliza, "Leo ni ipi?" Mama Mkunga amestaafu. Ndiye aliyenipokea mama aliponizaa, na mpaka leo ananitazama kama anayehakikisha nimekamilika. Mkandarasi ni mzee mpana, mikono kama makoleo, mpole, haongei. Mwalimu anaandika. Na mimi.

Nilidhani tutapiga kura kwa mikono, nikawa nimeshaanza kuogopa kunyoosha wangu. Kumbe hawapigi. Mwenyekiti anasoma jambo, anatutazama juu ya miwani, anasema, "Kama hakuna mwenye neno, tumepita." Mwalimu anaandika: kwa kauli moja. Basi. Kukaa kimya ndiyo kura yenyewe. Niliposhtukia hilo nilikuwa nimeshakubali rangi ya ukuta, ratiba ya kufagia na wageni wa Siku ya Usomaji. Mimi ambaye darasani sina hata kauli nusu.

Kwenye mengineyo Mkandarasi akasimama, nusura dawati limfuate. Akasema anatutengenezea meza. Meza kubwa ya bodi, kwa mikono yake mwenyewe, tuache kukaa kama watoto. Tukapiga makofi.

"Kama hakuna mwenye neno, tumepita."

Nakiri niliipenda siku hii. Nilipewa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Nilifikiri: hapa ndipo mahali pangu, mahali ambapo ukinyamaza unahesabiwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Soksi hazikauki.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimpitia Bibi darasani kwake ili nimshike mkono kwenye matope.

Darasa la wamama liko chumba cha nyuma. Zamani kilikuwa gereji, ndiyo maana kina milango miwili mipana inayofunguka kwenye uchochoro. Wamama wanapenda uchochoro huo. Ukumbini wapo wajukuu zao wanasoma hadithi, na hakuna anayetaka mjukuu amwone akihangaika na "ba be bi". Anayefundisha ni Fundi Cherehani. Ametundika kitambaa cheusi ukutani na anaandika kwa chaki ya kushonea. Leo kilikuwa kimeandikwa: *Baba amepika. Mama amelala.* Wamama walikuwa wakikisoma kwa pamoja huku wakicheka hadi machozi.

"Baba yupi huyo?" mmoja akauliza. "Tuleteeni!"

Niliwahi kumwambia Bibi nitamfundisha mwenyewe nyumbani. Akaniambia, "Sifundishwi na mtu niliyemwogesha." Basi nikaacha.

Njiani alisimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama mtaa; akalifunua, akafunika la kulia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nahesabu mali yangu." La kushoto ni kama limejaa moshi, anasema. Mama bado hajui.

Kisha akasema, "Ile insha yako iliyopigwa fremu ukumbini, ndiyo lugha gani ile? Nimeiangalia mpaka shingo imeuma."

"Lugha ya shuleni, Bibi. Nitakusomea kwa Kiswahili."

"Usinisomee. Kila kitu nimesomewa. Barua za posa nilisomewa, cheti cha kifo cha babu yako nilisomewa. Niandikie ukurasa mmoja kwa maneno yetu. Si wa kunisomea. Wa kunisubiri."

Ijumaa, 14 Machi

Nimeanza ukurasa wa Bibi. Nimejiwekea sharti: nitatumia silabi zile tu ambazo darasa limeshazifikia. Wakifika mbele, na mimi nafika. Mpaka sasa una mistari michache:

*Bibi, kaa hapa. Soma polepole.*

Jumatano, 19 Machi

Meza imekuja. Vijana wa Mkandarasi waliishusha kwenye lori, wakahangaika nayo mbele ya mlango wa ukumbi kama watu wanaombembeleza ng'ombe aingie bafuni. Ilikataa kulala, ilikataa kusimama, ilikataa ubavu. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Kubwa, nyeusi, imepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Mwishowe waliiacha barazani chini ya turubai.

Mkandarasi akawa anazunguka akilivuta turubai huku na huku kama anayemfunika mgonjwa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mtihani wa kemia. Nimeongeza kwenye ukurasa: *Sina haraka.*

Jumamosi, 29 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Ajenda ya kwanza ilikuwa meza. Mwenyekiti akasema maji yanaingia chini ya turubai, itaharibika, lazima iingizwe ndani leo, na mlango pekee unaoipokea ni ule wa chumba cha nyuma. 

"Na wamama?" Mama Mkunga akauliza.

"Watapumzika kwa muda," akasema Mwenyekiti. "Vanishi haijashika. Haiwezi kuguswa mpaka ikauke."

"Itakauka lini?" Wakili akauliza, huku akitazama saa.

"Jua likitoka."

Sote tukatazama dirishani. Jua gani?

Nilikuwa nimeshapanga sentensi yangu. Ilikuwa fupi: *Naomba wamama wasiondolewe.* Niliisema moyoni mara nyingi mpaka ikaanza kupoteza maana. Nikavuta pumzi. Hapo hapo Mkandarasi akasimama.

Sijawahi kumsikia akisema mengi. Alisema kwamba marehemu mke wake ndiye aliyekuwa akifungua Nyumba hii kila asubuhi kabla haijawa na bodi wala katiba. Alikuwa akilalamika kwamba wakubwa wa mtaa wanakaa kwenye madawati ya watoto, ndiyo maana wanaamua kitoto. Alipofariki, mzee alinunua mbao, akakaa karakanani kwake, akapima, akaranda, akaunga. Jina la mkewe amelichonga chini ya meza, upande usioonekana. "Si lazima mtu alione," akasema. "Mimi najua lipo." Kisha akakaa na kujifuta uso kwa kiganja kizima.

Ungesemaje hapo? Ungeanzia wapi?

Wakili, ambaye ni mwema, naapa ni mwema, akanigeukia. "Kijana wetu, hujasema kitu tangu uje. Una neno?"

Wote wakanitazama. Mama Mkunga akanitikisia kichwa kunitia moyo. Mwalimu akainua kalamu. Sijawahi kufunguliwa mlango mpana kiasi hicho.

Nikasema, "Hapana, asante."

"Basi tumepita."

Mwalimu akaandika. Tulinyanyuka wote kwenda kuiingiza meza, nami nikashika turubai. Fundi Cherehani alikuwa akikunja kitambaa chake cheusi. Aliona nimeshika turubai. Alikikunja mara mbili, mara tatu, kama mtu anayekunja sanda, akatokea uchochoroni. Meza ilijaza chumba ukuta kwa ukuta. Mwenyekiti akafunga mlango kwa kufuli na kuutia ufunguo mfukoni, ili mtoto asije akaigusa.

Jumatatu, 31 Machi

Bibi alirudi mapema, mfuko wake wa daftari ukiwa kavu ndani ya kanga, yeye mwenyewe amelowa.

"Wametufungia. Eti kuna meza inakauka."

"Kwa muda tu, Bibi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wakasemaje?"

"Walisema kwa muda."

"Na wewe ukasemaje?"

Nilikuwa namenya viazi. Nikaendelea kumenya. Kiazi kikawa kidogo, kikawa kama gololi. Bibi akaninyang'anya kisu taratibu, akasema, "Basi, mama. Utatumalizia chakula."

Hakuniita mke mwenzangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi amehamishia darasa barazani. Kitambaa kimefungwa kwenye nguzo, upepo unakipindua. Wapita njia wanasimama kutazama.

Jumatano, 9 Aprili

Barazani wamebaki wanne. Mmoja aliitwa na wajukuu wake kutoka barabarani: "Bibi anasoma a e i o u!" Hajarudi.

Ijumaa, 11 Aprili

Chaki haishiki kwenye kitambaa chenye unyevu. Leo wamekaa tu, wamepiga soga, wakaondoka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempeleka Bibi kliniki ya macho. Mama alikuwa na zamu kazini, nikaenda mimi. Daktari, huyu wa kweli, ni dada mdogo tu, ana sauti ya chini. Alisema ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia limebana, anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi; matone yanasaidia kilichobaki kisikimbie upesi.

"Asome?" nikauliza.

"Asome," akasema. "Asome sasa."

Bibi alikuwa akisikiliza huku amekunja mikono. Tulipotoka akasema, "Mwambie yule mkubwa wako wa duka la dawa anipunguzie bei ya matone." Nikaenda. Mwenyekiti hakupunguza. Alinipa bure, akanifungia na pakiti ya biskuti, akakataa asante yangu. Nikasimama mbele ya kaunta yake nikiwa na neno mdomoni. Akaniuliza, "Kuna kingine, mwanangu?" Nikasema hapana, asante.

Laiti angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemchukia, ingekuwa kazi nyepesi.

Jumapili, 20 Aprili

Nakiri hapa, maana hakuna pengine. Leo Bibi aliniomba nimwongoze msalani, nikahisi hasira. Si kwa bodi. Kwake. Kwa nini alitaka kusoma uzeeni? Si angebaki tu kusomewa kama zamani? Kisha nikajiona. Nilikaa nje ya mlango nikimsubiri, nikaufikiria mguu wake unaoshika mlango wa kule usio na kitasa. Nilisahau kuwaambia hata hilo.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepata njia. Siwezi kusema, lakini naweza kuandika. Ndiyo sababu waliyonichagulia. Nimeandika maombi kwa bodi, ukurasa mzima. Nimewaeleza kuhusu kitambaa cheusi, baraza, upepo, na jicho linaloangalia kwa bomba. Nimeomba jambo moja tu: wamama waruhusiwe kukaa kwenye kona ya chumba kile, magoti yakiwa mbali na meza. Hawataigusa. Nimempa Mwalimu ayasome kikaoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwalimu aliyasoma. Anasoma vizuri, ana sauti ya redio. Alipofika kwa wale wajukuu wanaocheka barabarani, Mama Mkunga akatoa leso. Wakili akaacha simu yake. Alipomaliza walipiga makofi, wakasimama, wakapiga tena. Nikafikiri, imekuwa. Imekuwa jamani.

"Kiswahili kitamu hiki!" akasema Mwenyekiti. "Nani alisema vijana hawajui kuandika?"

"Hii isipotee," akasema Wakili. "Hii ipigwe fremu."

"Itundikwe chumba cha bodi," akasema Mwalimu. "Juu ya meza."

"Wazo jema," akasema Mwenyekiti. "Na hilo la kukaa kwenye kona tulipe kamati ndogo, lisikimbizwe. Mkandarasi, wewe unaijua vanishi, na kijana wetu ndiye mwenye hoja."

"Nasafiri kesho," akasema Mkandarasi. "Nina jengo mkoani. Nikirudi."

"Akirudi. Kama hakuna mwenye neno, tumepita."

Mama Mkunga alinikumbatia. Alinukia karafuu na leso iliyolowa. Aliniambia sikioni, "Umetuliza sana." Sijui kama alimaanisha umetuliza ya machozi au umetuliza ya utulivu; alikuwa amekwisha kulia, na alikuwa ametulia kweli.

Jumatatu, 28 Aprili

Fundi Cherehani amechukua kitambaa chake. Ana sare za shule za kushona. Alisema kitambaa chenyewe akikata vizuri kinatoa kaptula mbili.

Jumanne, 6 Mei

Jana Bibi aliamka akishika kichwa, akitapika, jicho la kulia jekundu kama nyama. Presha ya jicho ilipanda ghafla. Wamemlaza.

Alhamisi, 8 Mei

Amerudi. Anaona mwanga na giza na watu wakipita kama nguo kwenye kamba. Mama amelia. Bibi amemwambia, "Acha, unamwagia mboga maji."

Sijaongeza kitu kwenye ukurasa tangu Machi. Nimekaa nao leo. *Bibi, kaa hapa. Soma polepole. Sina haraka.* Nimetaka kuuchana, mikono ikakataa.

Jumamosi, 17 Mei

Mkandarasi amerudi, na Mwenyekiti akasema leo tukae kwenye meza, tuone.

Alifungua kufuli. Chumba kilinuka rangi na kuvu. Kwenye ukuta, pale palipokuwa na kitambaa cheusi, maombi yangu yalikuwa yametundikwa kwenye fremu ya dhahabu. Tukakaa chini yake. Meza iling'aa. Baada ya muda mfupi Wakili akajaribu kuinua mkono wake, na shati likabaki. Akavuta. Likatoa sauti kama plasta inayobanduliwa. Karatasi za Mwalimu zilikuwa zimenasa zote, akizivuta zinachanika. Mama Mkunga akaanza kucheka, kisha wote, hata Mwenyekiti aliyenasa viwiko vyote viwili. "Bodi imeshikamana!" akasema. Walicheka mpaka wakafuta macho kwa mikono ile yenye vanishi.

Nikasikia mtu anasema, "Mimi nina neno."

Nilikuwa mimi. Kicheko kikaisha taratibu.

"Bibi yangu ni mmoja wa wale wamama," nikasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa nje. "Alikuwa akisoma hapa. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Yamekwenda. Mpaka leo meza hii ilikuwa haijakaliwa na mtu hata siku moja. Tulifunga chumba ili ikae meza."

Mvua ikasikika juu ya bati. Nilisubiri wanikasirikie. Nilitamani wanikasirikie.

Mkandarasi alikuwa akinitazama, mikono yake mikubwa ikiwa mapajani. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Siku ile tuliyoingiza," akasema polepole, "ulikuwepo, mwanangu."

"Nilikuwepo, mzee."

"Uliulizwa."

"Niliulizwa."

"Kwa nini hukuniambia? Ningeiacha nje inyeshewe. Mbao ni mbao tu. Mke wangu angenicheka huko aliko, kumfungia mtu nje kwa ajili ya mbao."

Hakulisema kwa ukali. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu, hata ile asante.

Basi wote wakakubaliana nami. Hilo ndilo siwezi kulieleza vizuri. Wote, bila ubishi. Mwenyekiti akasema tumekosea, darasa lifunguliwe mara vanishi itakaposhika, na kwa sasa hata kuitoa hatuwezi, maana kila anayeishika ananasa. Mama Mkunga akasema yule bibi aalikwe Siku ya Usomaji, asome mbele ya watu, apewe heshima yake. Nikasema haoni. Mama Mkunga akasema, "Atapewa mwanga wa kutosha." Nikasema tena haoni. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye kutazama juu ya miwani.

Kumbe kusema nako wanakupita vilevile.

Jumapili, 18 Mei

Nilimweleza Bibi yote. Yote, tangu turubai. Akasema, "Nilijua siku ya kiazi."

Kisha: "Watanipa chai ya kisahani?"

"Watakupa."

"Basi nitakwenda."

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya Usomaji. Ukumbi ulijaa, miavuli ikichuruzika ukutani. Bibi alivaa doti mpya ya kanga. Kabla ya kutoka aliniambia, "Nipe ule ukurasa wangu," nikampa. Aliukunja akauweka kifuani.

Mwenyekiti alimtambulisha kwa maneno mazuri, akasema huyu ni tunda la Nyumba yetu. Nilimwongoza mpaka mbele. Mkono wake ulikuwa mkavu na mtulivu; wangu ndio ulioloa. Waliwasha taa ya mezani, wakaielekeza kwenye karatasi. Bibi akafunua ukurasa, akauweka mbali kidogo na uso kama wanavyofanya wasomaji, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

"*Baba amepika*," akasoma. Kidole kikasogea. "*Mama amelala*."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Yeye akangoja, akasogeza kidole mstari wa pili. "*Paka ameona. Paka amepotea.*" Wakacheka zaidi. Alisoma yote, kitambaa chote cheusi cha Machi, sentensi baada ya sentensi, bila kukwama, na kidole kikatembea juu ya maneno yangu ambayo hayakuwa hayo. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nilimwona Fundi Cherehani. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Walisimama kumpigia makofi. Wakili alikuwa analia. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akasema darasa la wamama limefanikiwa kupita matarajio, ushahidi ndio huu mbele yetu. Mwalimu alikuwa anaandika. Sikuhitaji kuchungulia kujua anaandika nini.

Nilipomrudisha kitini akaniuliza, "Kidole nilikipeleka sawa?"

"Sawasawa, Bibi."

"Nilihofia nisije nikazidi ukurasa."

Jumatano, 4 Juni

Jua. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Jumatatu, 9 Juni

Vanishi imekauka. Mkandarasi alikuja mwenyewe asubuhi, akaigusa kwa kidole, kisha kiganja, kisha shavu, alipodhani hatumwoni. Hakusubiri kikao. Alifungua milango yote miwili ya uchochoroni, akabeba viti viwili viwili akavipanga kuizunguka meza, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaita wamama. Wamekuja watatu. Fundi amekuja na kitambaa kingine, cha bluu, kile cheusi ni kaptula sasa. Na kitasa cha choo kimewekwa. Sijui nani alimwambia.

Bibi nilimkalisha upande wa dirisha. Alipapasa meza kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayemtafuta mtu kitandani. Viganja vikashuka chini yake, vikapapasa huko pia, vikasimama mahali fulani.

"Hapa pamechongwa," akasema.

"Ni jina la mke wangu," akasema Mkandarasi akiwa mlangoni.

Vidole vya Bibi vilirudi mwanzo, vikalifuata tena. Alifuata mkato wa kwanza, wa pili, midomo ikicheza. Mzee akavua kofia. Sote tukangoja. Mahali fulani katikati vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikajaribu, vikasimama palepale.

"Hii hatukuifikia," akasema.

Fundi aligeukia ukutani akaanza kuandika kwenye kitambaa kwa ajili ya wale wawili wengine. Bibi akatoa kifuani ule ukurasa. Ulikuwa umelainika kama kitambaa. Akaulaza juu ya meza, akaunyoosha makunjo kwa ubavu wa mkono, akausukuma upande wangu.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Nisomee."

Mzee alikuwa mlangoni, wamama wamegeuka, Fundi amesimamisha chaki. Wote walikuwa wananisikiliza. Sauti ilitoka yote, sasa hivi, leo.

"Bibi, kaa hapa," nikasoma. "Soma polepole. Sina haraka."